Mtoto Aliyewakataa Mababu

Mwaka wa 2012 kazi yangu ilikuwa kutembea na titi mkobani. Silo langu, langu lilikuwa mahali pake. Hili lilifumwa kwa uzi wa kahawia, likajazwa pamba, na chuchu yake ilikuwa ya uzi mweusi. Pamoja nalo nilikuwa na mwanasesere wa kitambaa aliyepoteza jicho moja. Kwa vitu hivyo viwili nilitakiwa kuwafundisha akina mama waliojifungua katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma jinsi ya kumpakata mtoto na kumnyonyesha tangu saa ile ya kwanza.

Askari wa kizuizi cha barabarani njiani kutoka Lodwar walinijua. Yule wa kwanza aliyepekua mkoba wangu alilitoa lile titi, akaligeuza, akalirudisha polepole kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta kuna mtu ndani. Tangu siku hiyo hawakunipekua tena. Nadhani waliambiana.

Kule Kakuma akina mama walinicheka waziwazi. Wodi ilikuwa na Wakongo, Warundi, Wasomali na watu wa Sudan Kusini, na kila mzazi alikuwa na mama au shangazi aliyemwambia jambo tofauti na langu. Wengine waliikamua dang'a, yale maziwa mazito ya manjano yanayotangulia, wakaimwaga wakidhani ni uchafu. Nikiwaambia kwamba hicho ndicho chakula cha kwanza na kinga ya mtoto, walinikubalia kwa adabu, nikigeuka wanamwaga. Siku moja mama wa Kikongo mwenye watoto wengi alilipokea titi langu la uzi, akalibonyezabonyeza, akaniambia, "Mama, ile ziwa yako iko na shida. Haina joto. Mutoto hawezi penda kitu ya baridi." Wodi nzima ikaangua kicheko, nami nikacheka kwa meno tu.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa subira. Mama yangu kule Taita alikuwa akisema nilizaliwa nikiwa nimeshaudhika. Na kazi ya kumsaidia mtoto mchanga ashike titi inataka subira kuliko kazi yoyote ninayoijua, kwa hiyo sijui aliyeniajiri alikuwa akifikiria nini.

Mwisho wa wiki nilirudi Lodwar, ambako nilikuwa nimepanga chumba kwenye ploti moja upande wa Nawoitorong. Mwenye ploti alikuwa mjane wa Kiturkana, shanga zimempanda kutoka mabegani hadi kidevuni, na simu mbili kiunoni. Mlango uliofuata wangu alikaa kijana wa kutoka magharibi mwa Kenya, mchuuzi wa samaki wakavu wa Kalokol kule ziwani, pamoja na mke wake aliyekuwa na mimba ya kwanza.

Jumamosi moja niliingia uani nimejaa vumbi mpaka kwenye kope. Hata sijashusha mkoba, mwenye ploti akanisimamisha njiani.

"Ejok," akanisalimu, na kabla sijaitikia akaendelea. "Ile mtoto ya jirani imezaliwa. Lakini inakataa titi. Tangu jana inakataa."

Nikaenda moja kwa moja. Mzazi alikuwa ameketi kitandani, mama kijana wa miaka ishirini hivi, macho mekundu, matiti yamejaa mpaka ngozi inang'aa. Alikuwa amejifungulia hospitalini na kuruhusiwa kurudi nyumbani siku iliyotangulia. Kule hospitalini walimkamulia maziwa, wakamnywesha mtoto kwa kijiko. Hapa nyumbani hata kijiko kilikuwa kimeshindikana. Mtoto, msichana, alikuwa amelala usingizi nisioupenda, midomo imemkauka. Mume alikuwa Kalokol kununua samaki. Aliyekuwa akitawala chumba ni mama mkwe, ambaye kila mtu alimwita nyanya. Alikuwa ameshuka kutoka kwenye basi la Kitale na kuku hai na mfuko wa unga wa wimbi, na juu ya meza alikuwa ameshaweka pakiti ya glukosi, kikombe na kijiko. Alinieleza mpango wake. Jua likizama mtoto hajanyonya, atapewa maji ya glukosi, na asubuhi maziwa ya mbuzi wa mwenye ploti.

Mimi nami nilikuwa na mpango wangu, kwamba kabla jua halijafika huko tutakuwa tumesharudi hospitalini. Mtoto wa siku mbili asiyenyonya katika joto la Lodwar hana muda wa kusubiri wakubwa wamalize kubishana. Niliogopa, na nikiogopa huwa mkali.

Lakini nyanya hakuwa amekaa bure. Kwao, mtoto mchanga akikataa titi, hawasemi ana shida mdomoni. Wanasema kuna marehemu wa ukoo anayetaka kurudi, naye anangoja aitwe. Kwa hiyo wanaita majina ya waliokufa, mmoja baada ya mwingine, huku mtoto akipewa titi. Jina ambalo litatajwa akashika titi, hilo ndilo lake, na hakuna wa kulibadilisha. Nimeona mila nyingi katika kazi hii, na hii niliiona nzuri, hasa kwa kuwa haimwagi kitu.

Shida ilikuwa mkono wa nyanya. Kila alipotaja jina, aliweka kiganja nyuma ya kichwa cha mtoto na kumsukumia uso kifuani mwa mama yake, ili, alivyosema, wasalimiane na marehemu vizuri. Mtoto anajikunja kwa nyuma, analia, anajichokea. Mtoto mchanga ukimsukuma kisogo ni lazima arudi nyuma. Hata mimi ukinisukuma kisogo mbele ya sahani ya pilau nitakataa.

Hivyo ndivyo mtoto yule alivyowakataa watu wazito. Alimkataa babu mkubwa aliyekuwa katekista. Alimkataa bibi aliyezalisha nusu ya kijiji, jambo ambalo nyanya aliliona ni utovu wa shukrani. Alimkataa hata shangazi mmoja aliyekufa akiwa na ng'ombe wengi. Baada ya kila marehemu, nyanya alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemfukuza. Mwenye ploti, aliyekuwa ameegemea mlango, alitikisa kichwa mpaka shanga zikalia, akasema kwa sauti ya kujisemea kwamba watu hawa wanaita wafu, si wangeita maziwa kwanza.

Nikamwomba nyanya kwa upole wote niliokuwa nao, na haukuwa mwingi, aache kumsukuma mtoto kichwa.

"Mwacha mila ni mtumwa, daktari," akanijibu.

Nikamwambia mimi si daktari.

"Basi nyamaza."

Nilitoka nje nikahesabu mbuzi wa mwenye ploti mpaka hasira ikashuka. Niliporudi nilikuwa na mkoba wangu. Nikamwambia nyanya kwamba mzazi wa kwanza hujifunza kwa kumtazama mtu mzima, na kwamba hapa chumbani mtu mzima ni yeye. Je, angekubali kushika mwanasesere wangu na titi la uzi, amwonyeshe mkaza mwana wake jinsi mtoto anavyopakatwa? Alilitazama lile titi kwa dharau, lakini akalichukua. Nani angekataa cheo? Akaketi kwenye kiti mbele ya kitanda, mwanasesere mapajani, mikono yote miwili ina kazi, nami nikapata nafasi.

Nilimlaza mzazi chali kidogo kwenye mito, nikamvua mtoto nguo, nikamweka kifuani ngozi kwa ngozi. Nikamwonyesha mama jinsi ya kukamua kidogo kwa vidole, titi lilainike, tone moja liguse mdomo wa mtoto. Pua ielekee chuchu, mwili wote umgeukie mama, kisha tungoje afumbue mdomo kabisa, mwenyewe. Tukangoja. Mtoto alinusa. Akalamba tone. Akasinzia tena. Tukamkuna nyayo, tukangoja tena. Kwenye kiti nyanya aliendelea kuita wafu, na kila jina akimsukuma mwanasesere kisogo, mpaka nikaanza kumhurumia mwanasesere.

Hatimaye wafu wema wakaisha. Nyanya alihesabu ukoo kichwani, asipate mwingine. Ndipo alipokasirika, akamgeukia mjukuu wake kitandani akaanza kumkaripia. Ni mtoto gani huyu mwenye kiburi, hata fulani hakuwa na kiburi hiki. Na huyo fulani akamtaja kwa jina lake kamili. Silitaji hapa, maana siku ile lilishasumbua watu vya kutosha.

Papo hapo mtoto akafumbua mdomo kama anayepiga miayo. Nikamvuta karibu, mgongo, mabega na kichwa pamoja. Akashika. Kidevu kikazama kifuani, mashavu yakajaa, na baada ya kitambo tukamsikia akimeza. Mzazi alianza kulia kimyakimya. Nami pia, sitaficha, nilifuta macho kwa mkono wenye maziwa.

Nyanya alimwangusha mwanasesere.

"Mtoe," akasema. "Mtoe, tuanze upya."

Mzazi alininong'oneza. Jina lile lilikuwa la mke mwenza wa nyanya, aliyefariki miaka kadhaa nyuma. Wake wenza hao waliishi boma moja muda mrefu bila kupeana hata salamu, na watu wote walijua sababu. Sufuria ya nyanya iliazimwa ikarudi imetoboka.

"Mama," nikamwambia nyanya, "huyu mtoto hatoki hapa. Ukitaka kumtoa, anza na mimi."

Mwenye ploti akavuta kigoda, akaketi katikati ya mlango. Sijui alitaka kutuzuia au kuona vizuri.

Nyanya alijitetea kama wakili. Alisema jina la matusi si jina la kuita. Alisema hakuwa na mtoto mkononi, alikuwa na mdoli wa watu. Alisema marehemu huyo siku zote alikuwa hivyo, haalikwi, anaingia. Na mimi, ambaye si wa ukoo wao, wala asubuhi ya siku ile mila hiyo sikuijua, nikajikuta naitetea kwa nguvu zote kwa sababu ndiyo iliyomweka mtoto pale kifuani. Jina limetajwa, mtoto ameshika, imekwisha. Mwacha mila ni mtumwa. Alinitazama kwa macho ambayo siyasahau.

Hapo ndipo mume alipoingia, gunia la samaki begani, harufu ya Kalokol ikatangulia mbele yake. Alimwona mtoto ananyonya, akatabasamu mpaka masikioni, akauliza ni nani amerudi. Mkewe akamwambia. Yeye hakushtuka.

"Si ni sawa? Yule mama alinipenda sana," akasema.

Nyanya akageuka polepole. Nilidhani atampiga.

"Alikupenda," akasema. "Wewe ulipozaliwa, titi yangu ilifanya jipu. Nililala na homa, sijui usiku, sijui mchana. Yeye alikuwa na mtoto wake mdogo. Akakuchukua, akawanyonyesha nyinyi wawili. Mimi kupona, nakupatia titi, unakataa. Unaangalia yeye. Nakupatia tena, unaangalia yeye."

Kijana aliweka gunia chini. Ilikuwa wazi hakuwahi kuambiwa. Akauliza kwa sauti ndogo kuhusu ile sufuria, na nyanya akasema sufuria ilikuja baadaye, na kwamba mtu hawezi kuwaambia watu eti amegombana na mwenzake kwa sababu mtoto alishiba. Hakuna aliyecheka. Hata mwenye ploti alitazama vidole vyake vya miguu. Nilikuwa nimemchukia mama huyu tangu nilipofika, na sasa nilimhurumia kuliko nilivyopenda. Katika kazi yangu nilikuwa nimewafundisha wanawake wengi mtoto ashike vipi, na sikuwahi kujiuliza huwaje kwa yule anayetazama tu.

Mtoto akaliachia titi mwenyewe, amelewa maziwa, tone likimtiririka kidevuni. Yaani sasa nyanya alikuwa huru. Mtoto hayuko kifuani, anaweza kuanza upya kama alivyotaka, na mimi sikuwa na hoja nyingine. Wote tulilijua hilo. Nikaanza kupanga vitu vyangu ili nipate pa kutazama.

Haikuchukua muda mtoto akaanza kutafuta tena, mdomo ukienda huku na huku. Mzazi akamhamishia titi la pili, safari hii bila kungoja mkono wangu. Nyanya alisimama, akakaribia kitanda. Nilimtazama mikono. Aliikunja ndani ya leso yake, akainama mpaka uso wake ukakaribiana na wa mtoto, akalitaja lile jina, lote, taratibu, kama mtu anayemsalimu mwenzake mlangoni. Mtoto akashika. Nyanya akaongeza maneno machache kwa lugha yao, na mzazi alinitafsiria baadaye, tulipokuwa wawili tu.

"Nyonya, mwenzangu. Hata wangu alinyonya kwako."