Sikio la Mjomba Masikio

Watu wakimuuliza fundi kwa nini aliingia kwenye ushonaji, huwajibu kwamba ni riziki tu. Uongo mtupu. Aliingia kwa sababu ya punda wa kitambaa.

Punda huyo, Mjomba Masikio, alikuwa kikaragosi wa runinga enzi zile ambapo mtaa mzima ulikuwa na runinga moja na watoto walijazana dirishani kwa mwenye nayo. Mkono wa mtu uliingia ndani yake, mdomo ukafunguka, zikamwagika hadithi za kuchekesha. Sikio lake la kushoto lilikuwa limelegea. Kila alipobanwa na swali lilimwangukia jichoni, naye alilisukuma kwa kwato na kusema, "Mimi sijui, muulizeni mlango." Fundi, akiwa bado na mapengo, aliukata mguu wa suruali ya kazini ya baba yake ili ajishonee Mjomba wake mwenyewe. Kipigo alikisahau, sikio hakulisahau. Hata leo, mzazi akija kibandani kudai sare ya shule iliyochelewa, huambiwa amuulize mlango.

Basi aliposikia redioni kwamba Mjomba na vikaragosi wenzake wanarudi, alipiga yowe, akashona kola juu ya mfuko. Alifunga kibanda mchana kweupe na kuwanunulia majirani soda. Msusi wa kibanda cha pili alidhani amepata mjukuu, akampa hongera, naye akaipokea.

Furaha ilidumu mpaka jioni, picha ya Mjomba mpya ilipoonyeshwa runingani. Sikio la kushoto lilikuwa limesimama wima kama askari wa gwaride!

"Wamemuua," alimwambia mkewe.

Mkewe ni muuguzi, wanaokufa kweli anawajua. "Sikio limenyooka tu, baba watoto. Mshukuru Mungu."

"Bila sikio lile si yeye. Huyo ni punda yeyote."

"Na wewe una ndevu nyeupe. Kula, chakula kinapoa."

Hakula, au tuseme alikula kwa hasira, sahani mbili. Usiku huo alipanga mpango wake. Kungekuwa na onyesho ukumbini, na baada yake watoto wangepanga foleni kumsalimia Mjomba. Naye angepanga. Angemwambia ukweli huyo mwenye mkono, kisha afumue na kulishona sikio upya palepale, bure. Alichomeka sindano yenye uzi ndani ya mfuko wa shati na kufanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo. Ilianza na "Ndugu mhusika", na hata yeye aliona imekaa kama tangazo la kukatiwa maji.

Siku ilipofika, alikaa kwenye kiti cha kitoto, magoti yakikaribia kidevu. Watoto walivunjika mbavu. Yeye hakucheka; alilikodolea macho sikio lile kama msimamizi wa mtihani. Foleni ilipopangwa, aliingia katikati ya watoto waliomfika kiunoni. Mkewe alisimama mbali kidogo, kama mtu asiyemjua.

"Babu, mtoto wako yuko wapi?" msichana mmoja nyuma yake aliuliza.

"Anakuja," alidanganya, na mkono wake ukapanda wenyewe usoni kusukuma sikio asilokuwa nalo.

Zamu yake ikafika. Mwenye mkono alijificha nyuma ya pazia fupi. Aliyeonekana ni Mjomba peke yake. Punda akageuka taratibu. Macho yalikuwa yaleyale, vifungo viwili, kimoja cha kahawia na kimoja cheusi.

"Na huyu ni nani?" Mjomba aliuliza.

Hotuba yote ikayeyuka. Ndugu mhusika akatoweka, na ufundi wa miaka yote, na ndevu.

"Shikamoo, Mjomba," fundi alisema.

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mkewe alijifunika uso kwa mkoba. Lakini jamani, angefanyaje? Yeye alipokuwa na mapengo, Mjomba alikuwa tayari mtu mzima. Heshima ni heshima.

Mjomba hakucheka. Alimsogelea mpaka pua ya kitambaa ikamgusa kifuani. "Marahaba, mwanangu," alisema, kwa sauti ileile ya dirishani. "Mbona umekua hivi?"

Machozi yalimtoka fundi mbele za watoto wa watu, wala hakuyafuta.

"Mimi sijui," alisema.

"Basi muulizeni mlango," Mjomba akamalizia, na kumpigapiga begani kwa kwato.

Walipokuwa njiani kurudi nyumbani, mkewe alivumilia mpaka kona ya kwanza, kisha akacheka hadi akashika ukuta. Alipopata pumzi akauliza, "Na lile sikio je, umelishona?"

Fundi alipeleka mkono mfukoni, sindano ikamchoma kidole.

"Sikio gani?" alisema.