Mgebuka wa Mwalimu Zuhura

Jamani, bora niseme mwenyewe kabla hamjayasikia sokoni Mwanga.

Nafundisha Kiingereza shule ya msingi. Siku ya wazazi niliingia darasani na mgebuka mbichi, nikamlaza mezani. Nikawaambia watoto: kitenzi kikimgusa samaki huyu, ni elekezi, kisipomgusa, si elekezi. Ukisema "eat" au "cut", mgebuka anakiona cha moto. Ukisema "sleep", lala hata siku tatu, yeye hana habari! Watoto wakacheka, wakaelewa.

"Mbinu hii umeitoa wapi?" mwalimu mkuu akaniuliza.

Si ningenyamaza tu? "Nimeibuni mwenyewe," nikajibu, kifua mbele.

Mbinu ni ya Mwalimu Zuhura, aliyenifundisha Ujiji nikiwa darasa la tano. Mpaka leo nikisikia harufu ya mgebuka, naiona chaki kwenye vidole vyake, na upepo wa ziwa ukipeperusha daftari zetu. Siku aliyotufundisha hivyo, kipindi kilipoisha, samaki wake alitoweka. Nilimfunga kwenye kurasa za daftari, nikamdanganya mama kwamba nimepewa na wavuvi mwaloni. Akamchoma, tukala mpaka tukalamba vidole.

Basi, kwenye benchi la nyuma akainuka bibi wa mwanafunzi wangu mmoja. Nilimtambua kabla hajafungua mdomo.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Miaka yote hii nilijua uliondoka na samaki wangu tu. Kumbe na somo ulilibeba!"