Yaya Alivyonitangaza Kanisani

Kule Lubunga, ng'ambo ya mto kutoka mjini, mimi na yaya yangu tulikuwa tunashona nguo za arusi. Yaya ndiye dada yangu mkubwa, aliyenilea tangu mama afariki. Yeye alikata, mimi nilishona.

Kikohozi kilinianza polepole. Siku moja nilikohoa damu juu ya gauni jeupe la mteja. Yaya alilikunja upesi.

"Nyamaza. Hakuna mutu atajua."

Nilimwamini. Jumapili akasimama kanisani. "Muombee leki yangu. Iko na tuberculose." Leki, yaani mdogo wake, ndiye mimi. Mama aliyekaa kando yangu akampakata mwanawe na kusogea mbali.

Wiki hiyohiyo yaya alihamishia mashine zote mbili za kushona, hata ile yangu, kwenye chumba cha kupanga karibu na soko. Wateja wakamfuata huko. Mimi nilibaki nyumbani, na sahani yangu imetengwa.

Makohozi yalipimwa mara tatu; kifua kikuu hakikuonekana. Kisha miguu ikavimba, mkojo ukawa mweusi kama kahawa. Nikavuka mto kwa pirogi hadi hospitali ya mjini. Daktari alituma damu yangu Kinshasa, lakini hakungoja majibu, alinianzishia dawa siku ileile. Majibu yalipofika, aliketi kitandani pangu.

"Mama, haiko mikrobe. Kinga ya mwili wako yenyewe inashambulia mapafu na figo. Ni ugonjwa wa nadra sana."

"Unaambukiza?"

"Hapana. Hata mutu mumoja hawezi kuupata kwako."

Nililia kwa hasira. Miezi yote ile nilikuwa nageuza uso nikizungumza na watu.

Mapafu yalitulia, figo hazikupona. Sasa nasafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki.

Yaya alikuja kuniona, ameniletea pondu, mboga ya majani ya muhogo.

"Nilitaka bakuombee," alisema.

"Na mashine yangu ya kushona?"

"Bateja baliogopa, leki."

Nilimpa karatasi ya daktari, iliyosema ugonjwa wangu hauambukizi, aisome kanisani. Jumapili mbili zikapita, hakuisoma. Ya tatu nilimwomba mchungaji ruhusa, nikasimama na nakala yangu, nikasoma mwenyewe, nikijikwaa kwenye jina refu la ugonjwa. Watu waliimba. Wengine walikuja kunishika mkono. Yaya alikuwa ametoka nje kabla sijafika katikati.

Tukikutana njiani huniuliza kama nimelala vizuri. Namjibu ndiyo, kisha kila mtu anashika njia yake.