Mwonja Supu wa Wodi ya Wanaume

Mgawaji chakula wa wodi hufungua kila thamosi tunayoleta. Hunusa, hudondosha supu kiganjani, hulamba. Za wenzangu huzirudisha, yangu huondoka nayo, na vidole vyake hung'aa mafuta mchana kutwa. Sikuwa na shaka: huyu anakula nyama ninayomletea baba.

Jana nikamfuata hadi jikoni, nikamkuta akimwaga supu yangu kwenye sinki, polepole, kama mtu aliyezoea. "Mathe," alisema bila kugeuka, "daktari alikuambia figo za mzee zimechoka. Chumvi hapana, nyama kidogo sana. Na kila siku unamletea supu ya mifupa, chumvi tele." Akafunga thamosi, akanikabidhi, akanikazia macho. "Hebu niambie, lile shamba la Njoro ambalo mzee hunisimulia, atalirithi nani?"