Mbio za Mavuno

Mie hakuna kitu cha kunishangaza tena duniani. Nilianza na baiskeli moja ya kubebea mkaa, darasa la nne sikulimaliza, na leo malori matatu yanalala uani kwangu, na waliosoma wananiamkia. Lakini ikinipitia harufu ya unga wa mbao, ule mbichi wa mninga unaokwaruza koo, basi pamoja na kitambi changu hiki narudi kuwa mtoto wa Temeke, enzi za Mwingereza, vita vikuu vimekwisha juzi tu. Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya baba. Alikuwa mtu wa kusini, mpasuaji mbao katika kiwanda cha Mhindi mmoja pale Chang'ombe, na gogo lilikuwa limemponda mguu wa kushoto. Akitembea, mguu ule ulikuja nyuma kama mbuzi anayeburutwa kwenda mnadani. Kabla hujamwona ungemsikia: hatua, mkwaruzo mchangani, hatua, mkwaruzo.

Mwaka ule mimi na baba tulikuwa pamoja kwenye mafundisho ya ubatizo, katika kanisa letu la makuti. Mimi nilikariri kama kasuku. Yeye hata Amri za Mungu alizichanganya, akaweka ya tisa mahali pa ya tatu, na watoto wakabana vicheko. Mwalimu wa dini, mtu mpole mwenye kanzu ya viraka, alipenda kutuambia kwamba imani ni mbio ndefu, na taji si la anayeanza kwa kishindo bali la anayefika. Sasa kila Sikukuu ya Mavuno palikuwa na mbio za kweli, kutoka uwanja wa kanisa hadi relini na kurudi. Baba akaenda kujiandikisha. Mwalimu akacheka kidogo, akamwambia, "Mzee Chilumba, yale ya mbio yalikuwa mfano tu." Baba akafikiri. "Sawa, Mwalimu. Lakini mfano nao si lazima mtu auonje?" Nilikuwa nimesimama pale pale, masikio yananiwaka moto.

Siku yenyewe uwanja ulinukia mananasi, mihogo ya kukaanga na jasho la watu. Baba alisimama katikati ya vijana, nguo za kiwandani zimejaa unga wa mbao, mguu kaufunga kitambaa. Filimbi ilipolia nilichomoka, na sisemi uongo, hakuna aliyekikanyaga hata kivuli changu. Nikarudi wa kwanza, nikapewa kaptula mpya ya kaki, ya kwanza maishani mwangu isiyokuwa na kiraka, nikaivaa hapo hapo. Wavulana wakanibeba juu. Watu walikuwa wameshaanza kula, na kamba ya mwisho wa mbio imeshakunjwa, ndipo baba akatokea kwenye kona ya minazi. Hatua, mkwaruzo. Mama mmoja muuza mihogo akapaza sauti, "Babu we, unakimbia au umeangusha sindano?" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Baba naye akacheka, akamjibu, "Nikiiona nitakuletea, dada yangu," akaendelea. Mtoto wa karani, ambaye viatu vyake nilivitamani na urafiki wake nikautamani zaidi, akaniuliza, "Yule si baba yako?"

"Wapi," nikasema, kwa sauti, ili wote wasikie. "Simjui. Ni mtu wa kiwandani tu."

Baba alikuwa ameshafika karibu yetu. Akasimama. Akanitazama, akaitazama kaptula yangu, kisha akasema kwa adabu, kama mpita njia anavyomsalimu mtoto wa watu, "Hongera, bwana mdogo." Akapita. Akaenda mpaka pale ilipokuwa kamba, akaigusa nguzo kwa kiganja, ndipo akakaa chini. Angenipiga, fimbo ningeshaisahau. Yeye alinisaidia kusema uongo.

Nyumbani mama hakuambiwa. Na mbio za sakafuni huishia ukingoni: mimi nilibatizwa Pasaka iliyofuata, na kabla ndevu hazijaota nilikuwa nimeshaliacha kanisa, nafukuzia pesa. Yeye alirudishwa nyuma mara tatu kwenye mafundisho, akabatizwa kwa jina la Tomaso mvi zimeshaingia. Tangu hapo kila Jumapili, iwe mvua iwe jua, hatua na mkwaruzo, mpaka siku alipoletwa kanisani amebebwa. Na miaka yote hiyo, mbele za watu, hakuniita mwanangu mpaka mimi nitangulie kumwita baba. Mara nyingi sikutangulia.

Juzi nimemjengea kaburi, kubwa kuliko yote pale makaburini, aendaye na aende akaone. Fundi wa kuchonga maandishi, kijana wa rika la wanangu, anatoza shilingi mbili kila herufi. Akachonga jina, akachonga ALIFIKA, kama nilivyotaka. Kisha akaniuliza, "Na hapa chini, mzee? Aliyemjengea ni nani wake?" Mie nisiyeshangazwa na kitu nikainama, nikafuta vumbi la jiwe kwa kiganja. Mkataa kwao mtumwa, na mtumwa mwenye malori matatu ni mtumwa vilevile. Kijana alisubiri, tindo mkononi. Nikamwambia aandike MTOTO WAKE. Akazihesabu herufi kwa ncha ya tindo. Ni maneno ambayo siku ile uwanjani yalikuwa ya bure. Nimeyalipia shilingi kumi na nane.