Achari ya Mama Ishan

Mama Ishan jina lake ni Urvashi. Mimi nauza mboga nje ya fleti zao hapa Parklands, na tumezeeka tukigombana. Akiona dania imelegea atauliza, "Hii inaenda matanga?" Lakini mvua ikininyea, chai yake ya tangawizi inanifikia kabla sijaita.

Julai hii baridi ilipobana, mzee wake, Vasant, alitoka hospitali akakataa chakula. Uji, hapana. Dengu, hapana. Akakonda mpaka saa ikawa inateleza mkononi. Siku moja akasema anatamani achari ya karamda, kama ya mamake. Karamda ni tunda la kwao. Mama Ishan akakumbuka kwamba kwenye ua wa dadake, kule Karen, kuna tunda linalofanana nalo. Sisi Wakamba mti wake tunauita mukawa. Una miiba, na tunda lake likiiva linakuwa jeusi, tamu. Wao wanalitaka bichi! Nilicheka.

Akarudi na mfuko umejaa, matunda ya kijani, ameshayaosha.

"Mama Makau, ona!"

"Matawi yako wapi?"

"Ya nini? Sisi ni mbuzi?"

Baba yangu alikuwa akichemsha sumu ya mishale. Mti wa sumu hiyo unafanana na mukawa: majani, utomvu mweupe, hata tunda. Ila hauna miiba. Matunda yakishatoka mtini yakiwa mabichi, hata mimi siwezi kuapa lipi ni lipi. Nikamwaga mfuko wote kwenye pipa.

"Wewe mama ni jiwe!" Akalia kabisa. "Sasa huyo mzee atakula nini?"

"Atakula kesho. Tunaenda wote."

Karen kulikuwa na ukungu, vidole vimekufa ganzi. Nikamwambia, shika tawi, mwiba ukudunge, ndio uchume. Akachuma akinitukana Kigujarati. Kufika katikati ya ua, akashika tawi akangoja kudungwa. Wapi! Tawi laini kama la mpera. Na vikonyo vitupu vilionyesha alikuwa amelichuma jana.

Akanishika mkono kwa vidole vyake vya damu.

"Nani jiwe?" nikamuuliza.

"Wewe. Lakini jiwe langu."

Jioni aliyapasua, akatoa mbegu, akayapika na haradali, bizari na pilipili mpaka nikapiga chafya kule sebuleni. Akamwekea mzee kidogo kando ya chapati. Vasant akatafuna polepole, amefumba macho. Sisi wawili tumesimama kama watu wa mahakamani.

"Chumvi kidogo," akasema.

Mama Ishan akakimbilia jikoni akicheka na kulia, kwa maana tangu waoane huyo mzee hajawahi kula bila kulalamikia chumvi. Aliporudi, chapati ilikuwa imeisha na mkono umenyooshwa kuomba nyingine.

Mimi bado nasema tunda huliwa likiiva. Lakini ile chupa aliyonipa, usiniulize imebaki nini.