Chai ya Kijani Haipikwi kwa Maziwa

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mama mkwe wangu alikuja kuishi nasi ughaibuni, katika mtaa wa Small Heath. Jirani yetu Mchina alikuwa amenipa chai ya kijani ya kwao na kunionyesha namna ya kuiandaa. Siku moja niliporudi kutoka kazini nikakuta Mama ameichemsha kwenye sufuria kwa maziwa, sukari na tangawizi, kama chai yetu ya nyumbani. Ilikuwa chungu, rangi yake kama maji ya mchicha.

“Hii ni dawa ya minyoo,” akasema, akaimwaga kwenye sinki.

Nilipandwa na hasira! Kesho yake nikamketisha sebuleni, nikafunga mlango wa jikoni. Nilichemsha maji, nikayaacha yapoe kidogo, nikayamimina juu ya majani machache, kisha nikachuja upesi kabla uchungu haujatoka. Basi.

Mama alionja huku amekunja uso. Kisha akamaliza kikombe chote.

Jumapili walikuja wageni wa kanisani, tukawapa chai ileile ya kijani. Mmoja wao aliponyoosha mkono achukue sukari, Mama alilivuta kopo upande wake.

“Wewe! Unataka kuiharibu?”